Dawa Tunayoiogopa na Dawa Tusiyoiogopa

Hotuba hii niliitoa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wagonjwa wa saratani za damu na ndugu wanaowauguza. Naiweka hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika, hasa wa mikoani walioniomba.

Shikamooni wazee wangu. Habari za asubuhi, ndugu zangu. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na nyinyi watoto mliokaa hapo mbele na barakoa zenu, hamjambo?

Kabla sijasema lolote: anayetaka kusimama asimame, na anayetaka kujinyoosha kuna mikeka kule nyuma. Najua humu ndani kuna migongo isiyoweza kukaa kitini nusu saa. Msijikaze kwa ajili yangu. Huko kujikaza ndiko kulikonileta hapa.

Mimi ni muuguzi wa tiba shufaa. Madaktari wanapambana na saratani yenyewe. Mimi nashughulika na kile kinachokunyima usingizi. Na katika wagonjwa wote ninaowahudumia, nyinyi wa saratani za damu mna shida yenu ya pekee: maumivu yenu hayaonekani. Mtu anatembea mtaani wima, amevaa vizuri, jirani anasema "huyu amepona", kumbe usiku uliopita alilala ameegemea ukuta kwa sababu mbavu hazimruhusu kulala chali. Nani atamwamini?

Nimekuja na jambo moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Tunaogopa dawa isiyo ya kuogopwa, na hatuogopi dawa inayotuumiza. Diklofenaki, dawa ya maumivu, tunainunua dukani bila kuulizwa swali, tunaimeza kama karanga. Mofini, dawa ya maumivu makali, iliyoandikwa na daktari aliyesomea kazi yake, tunaificha juu ya kabati. Leo nataka tuvigeuze vichwa chini miguu juu.

Nianze na mzee mmoja. Alikuwa mstaafu wa reli. Mgongo ulimwanza taratibu, sehemu ya kiuno. Yeye akasema ni uzee. Mkewe akasema ni mizigo aliyobeba ujanani. Duka la dawa la mtaani likampa diklofenaki, akapata nafuu siku mbili, yakarudi. Akapewa tena. Akachomwa sindano. Miezi ikaenda hivyo. Katikati ya hapo akapelekwa kwa fundi wa kuchua, akachuliwa mgongo kwa nguvu, akaumikwa chuku. Siku moja akainama kunyanyua ndoo ya maji, wala haikuwa imejaa, akasikia kitu kimekatika ndani ya mgongo. Hakuweza kunyooka tena. Alipofikishwa hospitali vipimo vikaonyesha mambo matatu kwa mpigo: pingili mbili za mgongo zimebonyea, damu imepungua sana, na figo zimechoka. Ugonjwa ni mailoma.

Sasa niulize. Mzee huyu aliumizwa na ugonjwa tu?

Nieleze kidogo kinachotokea, maana ukikielewa hutahitaji kukariri nilichosema. Ndani ya mfupa kuna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Mfupa nao si kitu kilichokufa. Kila siku una mafundi wawili: mmoja anabomoa sehemu iliyochakaa, mwingine anajenga upya nyuma yake. Kwa mtu mzima wanakwenda sawa. Mailoma, ambayo ni saratani ya aina fulani ya chembe nyeupe za damu zilizomo ndani ya uboho, humchochea fundi wa kubomoa na humzuia fundi wa kujenga. Mfupa unaliwa. Unabaki na matundu. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya wagonjwa wa mailoma huwa tayari wana maumivu ya mifupa siku wanayogundulika, na maumivu hayo huwa mgongoni, mbavuni, kiunoni, mapajani. Yanazidi ukijigeuza, ukikohoa, ukiinuka. Ndiyo maana pia mfupa unaweza kuvunjika kwa jambo dogo. Mgongo wa namna hiyo ukikandamizwa na fundi wa kuchua, je, unategemea nini?

Na figo? Chembe zile za saratani zinamwaga protini nyingi kwenye damu, na protini hiyo inakwenda kuziba vijia vya figo. Mfupa unaobomolewa nao unamwaga kalisi, na kalisi ikizidi inakausha mwili na kuzichosha figo zaidi. Sasa juu ya figo hizo unaweka diklofenaki, au ibuprofeni, au dawa yoyote ya jamii hiyo, ambazo hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mzee wangu wa reli alikuwa anazipiga figo zake kila asubuhi na kila jioni, kwa pesa zake mwenyewe, akitafuta nafuu.

Kwa hiyo nawaambia wenye mailoma: diklofenaki, hapana. Ibuprofeni, hapana. Meloksikamu, piroksikamu, hapana. Ukiwa na shaka, peleka pakiti kwa daktari wako kabla ya kumeza. Kunywa maji mengi. Wengi wenu mmeambiwa kama lita tatu kwa siku, isipokuwa aliyezuiwa na daktari kwa sababu ya moyo au figo zenyewe. Na mnaokwenda kwa fundi wa kuchua, naelewa, mikono ya mtu mwilini inafariji. Mwambie akupake mafuta taratibu mikononi na miguuni. Mgongo aache.

Mniruhusu niseme na habari njema, maana ipo. Yale matobo ya mifupa yana dawa. Kuna dripu ya kuimarisha mifupa, asidi ya zoledroniki ndiyo wengi wenu mnayoijua, na kazi yake ni kumfunga mikono yule fundi wa kubomoa. Kabla ya kuianza muone daktari wa meno, kama kuna jino bovu ling'olewe kwanza, kwa sababu dawa hii mara chache huweza kuuozesha mfupa wa taya, hasa jino likija kung'olewa baadaye. Halafu kuna mionzi. Watu wakisikia mionzi wanafikiria safari ya wiki sita. Kwa maumivu ya mfupa mmoja, mara nyingi mionzi ya siku moja tu inatosha. Unachomwa mara moja, unarudi nyumbani, na nafuu inakuja ndani ya wiki chache zinazofuata. Mzee wa reli alipata vyote viwili pamoja na dawa za kushambulia mailoma yenyewe. Urefu aliopoteza haukurudi. Lakini alirudi kukaa barazani kwake.

Sasa nigeukie watoto.

Mama mmoja alikuja na kijana wake wa darasa la pili. Mtoto alikuwa anachechemea. Usiku analia miguu, asubuhi anaamka amechoka. Bibi yake akasema anakua, mifupa inarefuka. Akatibiwa malaria. Akapimwa selimundu, hana. Mahali fulani akachomwa sindano ya paja ya kutuliza maumivu, na kesho yake paja lote likawa limevimba, jeusi kwa damu iliyovujia ndani. Paja lile ndilo lililomfanya mama akimbilie hospitali kubwa. Ilikuwa lukemia, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho.

Kwa nini miguu inamuuma mtoto mwenye lukemia? Kwa sababu uboho umejaa chembe changa za saratani mpaka zinausukuma mfupa kutoka ndani. Na kwa nini paja lilivuja damu? Kwa sababu chembe zile zimechukua nafasi ya kila kitu, zikiwemo chembe za kugandisha damu. Mtoto wa namna hii, na mtu mzima wa namna hii, sindano ya msuli ni hatari kwake. Aspirini ni hatari kwake. Ibuprofeni na diklofenaki, tena, ni hatari kwake. Kuchanjwa chale ni hatari kwake.

Basi hata Panadol isiguswe? Panadol inatumika, kwa kipimo. Mtu mzima asivuke vidonge vinane kwa siku, na mwenye ini bovu apungue hapo. Lakini sikilizeni hili, wazazi, maana linaokoa maisha: pima joto KABLA ya kumpa Panadol. Mgonjwa aliye kwenye kemo, yaani dawa za kushambulia saratani, akiwa na homa ya 38 au zaidi, hiyo ni dharura ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana iwe usiku. Kinga yake iko chini, anaweza kuwa na maambukizi kwenye damu. Ukimpa Panadol kwanza, homa inashuka, unasema "afadhali", mnalala, na maambukizi hayalali.

Kuna maumivu mengine ya watoto wetu ambayo hayaletwi na saratani. Yanaletwa na sisi, watu wa hospitali. Kipimo cha uboho. Sindano ya mgongo ya kuingiza dawa. Kuna binti mdogo aliyekuwa anatapika akiona koti jeupe tu, kabla hajaguswa. Alishikwa na watu wanne mara ya kwanza, na mwili wake haukusahau. Alipoanza kulazwa usingizi kidogo kwa ketamini, mama yake akiwa pembeni, hadithi ikabadilika. Alikuwa akiamka anauliza chai. Wazazi, mna haki ya kuuliza: mtoto wangu atapewa nini asiumie? Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni. Na msimdanganye mtoto kwamba haitauma. Mwambie itauma kidogo, mimi nitakuwepo, na ikiisha tunaondoka. Mtoto akidanganywa mara moja, mara ya pili hatamwamini hata Malaika Jibrili.

Limfoma, saratani ya tezi za limfu, nitaisema kwa ufupi kwa sababu inatufundisha jambo moja. Mwaka 1958, daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu watoto wa Afrika waliokuwa wanavimba taya. Ugonjwa huo, ambao ni aina ya limfoma, ukapewa jina lake, na wako miongoni mwenu wanaoujua kwa karibu. Uvimbe ule ni katika uvimbe unaokua kwa kasi kuliko yote inayojulikana kwa binadamu. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Meno yanalegea, mtoto hali, hanyamazi. Lakini uvimbe huo huo dawa ikiingia unayeyuka kwa kasi, na maumivu yanaondoka nao. Kwa hiyo mtu asikuambie uchague kati ya kutibu saratani na kutibu maumivu. Kutibu saratani ni kutibu maumivu. Na mtoto aliyetulizwa maumivu ndiye anayekula, ndiye anayeimaliza kemo.

Dawa zenyewe za saratani nazo zina maumivu yake, tusifiche. Vinkristini kwa wenye lukemia na limfoma, bortezomibu na thalidomaidi kwa wenye mailoma, hizi huweza kuumiza mishipa ya fahamu. Unasikia vidole vinachoma, vinawasha, vinakufa ganzi, unakanyaga sakafu unaona umekanyaga changarawe. Kufunga vifungo vya shati inakuwa kazi. Maumivu haya Panadol hayasikii kabisa, na wagonjwa wengi wanakaa nayo kimya wakiogopa kwamba wakisema, watanyimwa dawa. Sivyo. Ukisema mapema, daktari anaweza kupunguza kipimo, kutenganisha siku, au bortezomibu ikachomwa chini ya ngozi badala ya kwenye mshipa, na mishipa ya fahamu ikapumzika. Ukinyamaza mpaka huwezi kutembea, hapo ndipo dawa itasimamishwa kweli.

Na dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu ni nyingine kabisa: amitriptilini, gabapentini. Mama mmoja alisoma karatasi ya amitriptilini, akaona imeandikwa ni ya sonona, akaitupa chooni. "Mimi siyo kichaa," aliniambia, na alikuwa na hasira ya haki kwa sababu hakuna aliyemweleza. Mama, dawa hii hii kwa kipimo kidogo cha usiku inatuliza mishipa ya fahamu iliyoumia. Inakausha mdomo, inaleta usingizi, ndiyo maana unapewa usiku.

Tukiwa hapo hapo, mkanda wa jeshi. Kinga ikishuka, virusi vya tetekuwanga vilivyolala mwilini tangu utotoni huamka na kutoa malengelenge upande mmoja wa mwili, na maumivu yake huweza kubaki miezi baada ya ngozi kupona. Ukisikia ngozi inachoma upande mmoja, hata kabla ya malengelenge, njoo siku hiyo. Dawa ya virusi ikianza ndani ya siku tatu tangu upele utoke, inasaidia zaidi. Usipake dawa ya meno. Usipake majivu.

Sasa nimefika kwenye mofini. Naona wengine mmeinua vichwa.

Niambieni kinachowaogopesha. Nimekisikia katika kila nyumba niliyoingia. Moja, "atakuwa teja." Mbili, "akipewa mofini ujue madaktari wamemkatia tamaa." Tatu, "akiizoea sasa, siku ya maumivu makubwa haitamsaidia." Hofu hizi tatu zimewatesa wagonjwa wangu kuliko hata saratani ilivyowatesa wengine.

Kulikuwa na mama mwenye limfoma tumboni. Daktari alimwandikia mofini ya maji. Binti yake, aliyempenda mama yake kuliko kitu chochote, akaiweka chupa juu ya kabati na kuitoa pale tu mama alipopiga kelele. Alikuwa anaibania ili idumu, ili mama asiizoee. Nini kilitokea? Mama alikuwa anapata dawa akiwa ameshazidiwa, dozi ile haitoshi, analia saa nzima, kisha analala kwa uchovu, anaamka na maumivu yale yale. Akawa anaiwaza ile chupa siku nzima. Anaiulizia, anaiangalia kule juu. Binti akaniambia, "Dada, unaona? Ameshakuwa teja."

Ndugu zangu, yule mama alikuwa anatafuta dawa kwa sababu alikuwa anaumwa. Basi.

Tukakaa na familia. Tukaandika saa ukutani: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mara mbili ili alale mpaka asubuhi. Asisubiri aumwe. Maumivu yakipenya katikati, kuna dozi ya ziada aliyoandikiwa. Baada ya siku chache mama hakuiulizia tena chupa. Alikuwa anauliza bei ya dagaa. Akarudi kliniki kuendelea na kemo aliyokuwa ameikataa kwa sababu hakuweza kupanda daladala. Uvimbe ulipopungua, tukaipunguza mofini kidogo kidogo kila siku chache, mpaka tukaiacha. Teja gani huyo anayeacha dawa huku anapika?

Mwili kuizoea dawa ni jambo moja; uraibu ni jambo lingine. Mwili ukizoea, hupaswi kuiacha ghafla, unapunguza taratibu, kama mnavyoambiwa kuhusu prednisoloni. Uraibu ni kuitafuta dawa bila maumivu, kuitumia hata inapokuharibia maisha. Kwa mgonjwa wa maumivu ya saratani anayepewa kipimo sahihi na kufuatiliwa, hilo halitokei mara nyingi. Na hofu ya tatu: mofini haina kikomo kimoja cha dozi kwa watu wote. Maumivu yakiongezeka, dozi huongezwa hatua kwa hatua. Haiishi nguvu kwa sababu ulianza mapema.

Haya si maneno ya mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu ya saratani mwaka 1986 na kuurekebisha mwaka 2018, na yaliyobaki ni haya: dawa itolewe kwa mdomo inapowezekana, itolewe kwa saa, ilingane na mgonjwa mwenyewe, na ifuatiliwe kwa makini. Ile ratiba ya ukutani ya yule mama ndiyo hiyo.

Na wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kujifunza. Majirani zetu Waganda walilifanya. Mwaka 1993 Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa, mjini Kampala, wakachanganya unga wa mofini na maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa anaibeba nyumbani kwenye chupa ya plastiki. Wakaitia rangi kutofautisha nguvu yake, ili hata asiyejua kusoma asikosee chupa. Mwaka 2004 sheria yao ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waandike mofini wenyewe. Fikirieni maana yake kwa mgonjwa wa kijijini ambako daktari hayupo.

Nina uchungu na jambo moja, na nitalisema. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilipiga hesabu ya mofini na dawa za jamii yake zinazosambazwa duniani kwa mwaka. Ni karibu tani 300. Nchi maskini zaidi zilipata sehemu ya kumi ya tani moja. Tunasikia sana habari za Marekani, watu wanakufa kwa kuzidisha dawa za maumivu, na ni msiba wa kweli. Lakini tunaazima hofu ya watu waliozidishiwa, sisi ambao hatujafikiwa.

Je, mofini haina madhara? Inayo, na nitawatajia ili yasiwatishe. Siku za mwanzo italeta usingizi na pengine kichefuchefu. Mara nyingi hupita ndani ya siku chache. Kufunga choo hakupiti. Kwa hiyo mofini ianze pamoja na dawa ya kulainisha choo, siku hiyo hiyo, na mgonjwa asiipate moja bila nyingine. Mwenye figo dhaifu, na hapa narudi kwa watu wa mailoma, mofini hukaa mwilini muda mrefu. Daktari atapunguza dozi au ataweka saa nyingi zaidi kati ya dozi, au atakupa dawa nyingine. Usijipangie. Ukiona mgonjwa hawezi kuamshwa, anapumua polepole sana, au viungo vinashtuka shtuka, usimpe dozi inayofuata, mpeleke hospitali. Chupa ikae mbali na watoto. Wala asipewe jirani mwenye mgongo unaouma, hata akiomba kwa machozi.

Nimebakiza jambo la kusema maumivu yenyewe.

Kuna mzee aliyekuwa kila akiingia kwa daktari na kuulizwa hali, anajibu, "Namshukuru Mungu." Daktari anaandika: hali nzuri. Nje mkewe ananiambia mzee hajageuka kitandani wiki nzima. Nikamuuliza mzee, mbona hukusema? Akajibu, "Mwanangu, nisilalamike mbele ya watu." Wazee wangu, nawaheshimu sana. Mnaweza kumshukuru Mungu na kumwambia daktari ukweli katika pumzi moja. "Namshukuru Mungu, na mbavu za kushoto zinaniuma mno usiku." Hiyo ni taarifa ya kitabibu. Maumivu mapya yanaweza kumwonyesha daktari mfupa unaotaka kuvunjika kabla haujavunjika.

Tumieni mkono. Ngumi iliyofumbwa, sina maumivu. Kidole kimoja, kidogo. Vidole vitano, siwezi kuvumilia. Mtoto anaweza, bibi asiyejua kusoma anaweza. Anayemuuguza aandike kwenye daftari: wapi, saa ngapi, vidole vingapi, alipewa nini, ilisaidia kwa muda gani. Daktari mwenye foleni ndefu akilipata daftari hilo, dakika zake chache zitakufaa.

Na si maumivu yote yako kwenye mfupa. Muuguzi na daktari wa London, Cicely Saunders, aliyefungua hospisi, yaani nyumba ya tiba shufaa, ya St Christopher's mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa pamoja. Nimemwona baba ambaye dozi ilikuwa inapanda bila nafuu, mpaka alipotuambia kwamba ameuza shamba la watoto kwa matibabu na hajamwambia mkewe. Tulikaa nao, padri wao akaja, wakaongea wakalia. Dawa ile ile ikaanza kumlaza usiku.

Namalizia na dharura, na hii naomba mwiandike sasa hivi, wenye simu rekodini. Mgonjwa wa mailoma au limfoma mwenye maumivu ya mgongo, akianza kuhisi miguu inaishiwa nguvu, au ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, au mkojo au choo kimegoma au kinatoka bila yeye kujua, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa. Hiyo haisubiri kliniki ya Jumanne. Kila saa ina thamani, maana anayefikishwa akiwa bado anatembea ana nafasi kubwa ya kuendelea kutembea. Mbebeni amelala, amenyooka, asikalishwe kwenye bodaboda. Na mkifika mapokezi msiseme "mgongo unamuuma", maana mtaambiwa mkae foleni. Semeni hivi: "Huyu ana saratani ya damu, miguu imekufa ganzi tangu jana." Rudieni mpaka daktari aje.

Maswali sasa. Mama mwenye kitenge cha njano, nimeuona mkono wako muda mrefu. Karibu, na ukipenda uliza ukiwa umelala hapo hapo mkekani.